Mrejesho: Diski za kinanda cha Disklavier sasa zinasikika

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza namna ya kusikiliza kwenye kompyuta diski za flopi za Yamaha Disklavier, kinanda kinachojipiga chenyewe, alizotuachia marehemu mjomba hapa Mji Mkongwe. Alhamdulillahi, zimesikika. Kama mlivyonieleza, mafaili yaliyomo kwenye diski hizo, yenye majina yanayoishia na FIL, hayana sauti ndani yake bali amri tu, yaani noti ipi ipigwe, lini na kwa nguvu kiasi gani. Niliyanakili yote kwanza, kwani unyevu wa pwani hauzihurumii diski, kisha nikayageuza kutoka E-SEQ, muundo wa Yamaha wenyewe wa kuhifadhi amri hizo, kuwa MIDI, muundo wa amri za muziki unaotumika kwa kawaida kwenye kompyuta, na programu ya FluidSynth ikayapa sauti ya piano na kuyahifadhi kuwa WAV, yaani mafaili ya sauti ya kawaida. Hata mikanyago ya pedali imo, jambo lililonifurahisha mno. Diski moja haijasomeka. Nitaijaribu kwa kisomaji kingine.