Gari yangu niiuze nihamie taksi za mtandao, au nibaki nayo? Naomba ulinganisho

Mtembezi
Wakuu habari zenu. Gari yangu giaboksi imeanza kugonga, fundi kaniambia haimalizi miezi miwili, na bima nayo inaisha mwisho wa mwezi. Kuna mtu yuko tayari kuichukua hivyohivyo ilivyo ila anataka jibu Jumamosi. Nawaza niiuze kabisa niwe naita gari kwa simu kila nikitaka kutoka, maana naona wenzangu wengi wamehamia huko. Kipi nafuu kati ya hivyo viwili?

Hesabu Kwanza
Mkuu hapo bado hujauliza swali. Unatembea kilomita ngapi kwa wiki? Unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi? Unaishi peke yako au una familia? Kazini paking ni bure au unalipia? Lete hayo kwanza, bila hayo kila mtu hapa atakushauri kwa maisha yake yeye.

Dada Zai
Uza. Mi niliuza yangu nina mwaka wa tatu sasa. Watu wanahesabu mafuta tu wanasahau servisi, matairi, bima, paking, na gari yenyewe kushuka thamani kila mwaka hata ikiwa imelala uani. Gari binafsi inakaa imesimama zaidi ya asilimia 90 ya maisha yake, sasa unalipia nini? Naita gari, nashuka mlangoni, sitafuti pa kuegesha, nikitoka kwenye sherehe usiku siogopi usukani.

Kinyozi wa Tairi
Dada Zai unasema kweli kwa hali yako ila bei ya leo sio ahadi. Hizi kampuni zilikua kwa pesa za wawekezaji. Uber ilianza 2009 na mwaka wake wa kwanza mzima kupata faida ya uendeshaji ni 2023, miaka yote hiyo katikati mtu mwingine alikuwa anatuchangia nauli. Tena wakubwa wakichoka kushindana wanauziana soko. Kule China Uber iliwauzia wapinzani wao Didi 2016, Kusini Mashariki mwa Asia ikawauzia wapinzani wengine, Grab, 2018, na mamlaka ya ushindani ya Singapore ilikuta nauli halisi zimepanda asilimia 10 hadi 15 baada ya hapo ikazipiga faini zote mbili. Ukishauza gari huna pa kukimbilia.

Abiria wa Alfajiri
Mi naomba nisimulie yaliyonikuta. Nilikuwa na safari ya ndege, nimeamka saa kumi usiku, begi liko mlangoni, naita gari kwenye aplikesheni fulani siitaji jina. Dereva wa kwanza anapiga, "Unaelekea wapi?" nikamwambia, "Unalipa keshi?" nikasema kadi, akanyamaza kama anafikiria vile halafu simu ikakatika, naangalia skrini kakansel. Wa pili alikubali ila kigari chake kwenye ramani hakisogei, dakika tisa kimesimama pembeni ya mzunguko uleule, nampigia hapokei, kumbe anangoja mimi ndio nikansel. Nikakansel kweli, nikakatwa pesa ya kukansel! Wa tatu bei imepaa karibu mara mbili, nikakubali hivyohivyo maana ningefanyaje, na nilipofika wameshafunga kupokea mizigo. Nikaandika malalamiko, jibu likaja baada ya siku mbili, barua ileile wanayomtumia kila mtu, na punguzo la safari moja. Tiketi ilikuwa imeshakufa. Tangu siku hiyo safari yenye saa yake siiachii simu, naendesha mwenyewe.

Dereva wa Usiku
Pole sana kaka, uliumizwa na huyo wa pili hakufanya uungwana. Ila nikueleze upande wetu kwa sababu mi ndio niko barabarani usiku. Mara nyingi sioni abiria anaenda wapi mpaka nimfikie. Naweza kwenda kilomita tatu tupu kumfuata mtu, hizo silipwi, halafu yeye anaenda kilomita moja na nusu. Kamisheni inakatwa hapohapo, karibu robo ya nauli. Pesa ya kadi inakuja siku nyingine wakati mafuta nanunua leo. Nikikataa safari nyingi mfumo unaninyima kazi, nyota zikishuka akaunti inafungwa na hakuna mtu wa kuongea naye. Kwa hiyo dereva akikuuliza keshi au kadi ujue anapiga hesabu ya mafuta.

Hesabu Kwanza
Ndio maana mahakama zimeanza kuingilia. Mahakama ya Juu ya Uingereza Februari 2021 iliamua madereva wa Uber ni wafanyakazi wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. New York wao 2018 walisimamisha leseni mpya za magari haya, mwaka uliofuata wakaweka malipo ya chini kwa dereva. Mambo kama hayo yanakuja kukaa ndani ya nauli.

Dada Zai
Na taksi hizi zinapunguza foleni pia maana kila mtu akiacha gari nyumbani barabara zinapumua.

Kinyozi wa Tairi
Hapana dada, hapo sikubaliani nawe. San Francisco walipima 2010 mpaka 2016, karibu nusu ya ongezeko la msongamano ilitokana na magari haya. Dereva wa Usiku kashakueleza sababu hapo juu, kilomita tatu tupu. Gari yako ingetoka nyumbani kwenda kazini basi, hii inazunguka kutwa inasubiri simu. Na wengi wanaopanda wangepanda basi au kutembea kwa miguu, sio kwamba wote waliacha gari.

Dada Zai
Ila mi niliacha. Na basi la usiku halipiti kwangu.

Mtembezi
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Kazi yangu ya zamu, wiki moja mchana wiki moja usiku, kilomita kumi na moja kwenda. Paking bure. Nakaa na baba yangu, figo zake hazifanyi kazi, nampeleka hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Hesabu Kwanza
Mkuu hilo la mzee ndio ungeanza nalo!! Safari sita kwa wiki zenye saa yake, na akitoka kwenye mashine amechoka hawezi kusimama kibarazani anangoja dereva afikirie.

Abiria wa Alfajiri
Usiuze. Tengeneza giaboksi.

Dereva wa Usiku
Mungu ampe mzee nguvu. Mi nina wazee wawili nawabeba hivyo, tulikubaliana nje ya aplikesheni, siku zinajulikana, bei haibadiliki, nashuka namshika mkono mpaka ndani. Tafuta dereva mmoja mtu mzima muelewane.

Kinyozi wa Tairi
Lakini nje ya aplikesheni hakuna kumbukumbu ya safari, na kama bima yake inategemea safari iwe imesajiliwa, mkigongwa nani analipa? Aulize hilo kabla.

Dereva wa Usiku
Sawa kabisa, leseni na bima yangu ya kubeba abiria naionyesha kabla hatujaondoka.

Kijana wa Betri
Mnabishana kuhusu madereva wakati Phoenix kule Marekani tangu 2020 kampuni ya Waymo inabeba watu wa kawaida bila mtu kwenye usukani. Hakuna kukansel, hakuna "unalipa keshi". Miaka michache gari yako haitakuwa na mnunuzi, uza sasa hivi.

Dada Zai
Na nani anamshika mzee mkono mpaka ndani?

Kijana wa Betri
Hilo sina jibu.

Mtembezi
Nimewasoma wote. Kesho naenda kwa fundi mwingine aifungue hiyo giaboksi niione kwa macho, na Dereva wa Usiku nimekutumia ujumbe. Yule mnunuzi kapiga tena, nimemwambia Jumamosi bado haijafika.