Kilima cha mawe ya chokaa, mita 200 tu: raba zinatosha?

Swali: Wakuu, kuna kilima cha mawe ya chokaa, kutoka chini hadi kileleni ni mita 200. Kwenda na kurudi kilomita 6, njia inapita kwenye malisho. Raba zinatosha? Maji nibebe au kuna vijito huko juu? Na ni mwendo wa muda gani?

Jibu 1: Kijito juu hupati. Chokaa imejaa nyufa, mvua yote inazama na kutokea chini kama chemchemi, pale inapokutana na mwamba usiopitisha maji. Hiyo chemchemi nayo usiinywe bila kuchemsha: maji yamepita kwenye mipasuko mitupu, udongo haukuyachuja, na kinyesi cha mifugo kimeshuka nayo. Beba lita 1, jua likiwa kali 1.5.

Muda piga kwa kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kilomita 5, ongeza dakika 10 kila mita 100 za kupanda. Kwako ni 72 + 20, kama saa moja na nusu bila kupumzika.

Jibu 2: Raba sawa, kukiwa kukavu. Mvua ikinyesha, mwinuko si tatizo, tatizo ni utelezi. Chokaa ni jiwe laini, hata kisu kinaikwaruza, kwa hiyo nyayo za wapitaji huisugua mpaka ing'ae kama kipande cha sabuni kilicholowa. Jiwe la kijivu lenye mikwaruzo linashika soli. Lile linalometa katikati ya njia ndilo litakalokuangusha. Kanyaga nyasi za pembeni. Kushuka ndiko kubaya zaidi: hatua fupi, magoti yamelegea, usitangulize kisigino.

Kwenye mwamba uliolala wazi, nyufa hufichwa na majani. Chokoa kwa fimbo kwanza, mguu unaweza kuzama hadi goti.

Muuliza swali: Shukrani wakuu. Nikienda na mbwa je?

Jibu 3: Kamba fupi muda wote. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie kwa mbali, usipite kati yao. Wakikufukuza, mwachie mbwa kamba. Wanamtaka yeye, na mbio anawashinda. Wewe toka kwa utulivu.

Geti liache ulivyolikuta, hata kama lilikuwa wazi. Huenda mfugaji ameliacha hivyo makusudi ili mifugo ifike kwenye maji, na kama ulivyoambiwa hapo juu, kilimani hakuna.