Bandh imeisha, mimi bado niko stesheni

Kutoka: Mwanafunzi, Jamshedpur
Jumamosi, 23 Desemba 2023

Shikamooni wakubwa, na wenzangu humu kundini habari zenu. Nawaandikia kutoka Chakradharpur, kamji ka reli kati ya Jamshedpur na Rourkela, huku mashariki mwa India. Alhamisi usiku nilipanda treni ya Mumbai, tukafika hapa ikasimama. Kulipokucha tukaambiwa Wamao (waasi wa Kikomunisti wa huku) wameitisha bandh, yaani mgomo wa kufunga kila kitu, ya nchi nzima tarehe 22, na usiku huo wamelipua reli huko mbele, kati ya stesheni za Goilkera na Posaita. Tunashukuru Mungu hakuna treni iliyokuwa inapita.

Sasa kosa langu. Kondakta alisema huenda tukakaa mpaka jioni, nikashuka kutafuta gesti nioge na nichaji simu. Maduka yote yamefungwa, hakuna hata bajaji (ambazo huku kwao ukiziita bajaji hawakuelewi). Gesti ya kwanza jamaa alipoona pasipoti tu akasema vyumba vimejaa, na mimi naziona funguo zimening'inia ukutani nyuma yake, nimezihesabu saba. Ya pili hivyo hivyo. Narudi stesheni, treni imeondoka! Reli ilishatengenezwa. Bahati begi nilikuwa nalo.

Ndege yangu ya Dar inaondoka Mumbai kesho usiku. Treni za leo zote zimejaa watu waliokwama. Naomba ushauri: nidai nauli yangu vipi, na barabara ya kwenda Ranchi, kwenye uwanja wa ndege, inapitika?

*

Kutoka: Kaka wa Kolkata

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nauli ya treni isahau kwa leo, shughulikia ndege kwanza. Kutoka Ranchi kuna ndege za moja kwa moja kwenda Mumbai. Tafuta ya kesho asubuhi, bei ya Krismasi itakuuma lakini ndiyo hiyo.

Barabara ya Chakradharpur hadi Ranchi inapanda milima ya msitu na kupitia Khunti. Wakati wa bandh vijana hukata miti mikubwa na kuilaza barabarani. Siku ikiisha mti hauondolewi na mtu tu mwenye shoka, maana askari lazima wachungulie kwanza kama chini yake au kwenye kalavati hapakutegwa kitu. Kwa hiyo usipande gari la kwanza, hata dereva akikuapia. Nenda stendi, subiri basi linalotoka Ranchi liingie. Ukiona abiria wanashuka na viroba vya mboga, wengine wana usingizi, ujue njia iko wazi. Na usiondoke jua likiwa limeelekea kuzama. Ukichelewa, lala hapo ulipo uondoke alfajiri ikishatakata.

Pa kulala: wale wa gesti hawakukuchukia. Sheria inamtaka kila mwenye nyumba ya wageni apeleke fomu ya taarifa za mgeni mtandaoni ndani ya saa 24 akipokea mtu kutoka nje ya nchi. Gesti ndogo nyingi hazijajisajili, na polisi wakimkuta na mgeni bila fomu ana kesi. Rahisi kwake ni kusema vyumba vimejaa. Kwa hiyo muulize msimamizi wa stesheni kama kuna vyumba vya reli, na kama hakuna, kaa chumba cha kusubiria cha wanawake. Askari wa reli wapo usiku kucha.

Jambo jingine. Utakuta kuta na nguzo zina mabango ya Wamao ya wino mwekundu. Usiyapige picha, hata ya kututumia sisi. Kwenye kizuizi ukiulizwa, toa pasipoti na kitambulisho cha chuo, sema unaenda nyumbani likizo, basi. Usitoe maoni kuhusu Wamao wala kuhusu serikali. Vita hii ina mizizi tangu uasi wa kijiji cha Naxalbari mwaka 1967, wewe na begi lako hamtaimaliza.

Mnisamehe nirudi nyuma kidogo, maana wengi humu hamkuwepo. Mwaka 2010 nilikuwa na tiketi ya kwenda Mumbai siku mbili baada ya ile ajali ya treni ya Jnaneswari Express. Wamao walikuwa wametangaza bandh, na usiku wa manane kuamkia tarehe 28 Mei treni ile iliacha njia karibu na Jhargram, mabehewa yakagongwa na treni ya mizigo. Walikufa zaidi ya watu 140. Polisi walisema reli ilihujumiwa na watu wa upande wa Wamao, Wamao wenyewe wakakana. Nilipofika stesheni ya Howrah, watu walikuwa wamejazana mbele ya karatasi za majina, na mzee mmoja aliniomba nimsomee, miwani yake imevunjika. Nikasoma ukurasa mzima, jina lake la kutafuta halikuwemo. Akaniambia soma tena. Kuna familia zilikaa miaka bila cheti cha kifo kwa sababu miili haikutambulika.

Baada ya hapo, kwa miezi kadhaa treni hazikupita kipande kile usiku. Safari ya jioni ikahamia alfajiri, na kila mwenye ndege ya kuunganisha Mumbai alilia. Ndiyo maana huwa nawaambia wageni, bandh ikitangazwa ya siku moja wewe hesabu tatu. Siku yenyewe hata si ngumu, unajifungia na mchele wako. Ugumu unakuja siku zinazofuata, kila mtu anapotaka kusafiri kwa mpigo, mashine za pesa zimekauka na nyanya zimepanda bei.

Halafu mtu asije akakutuliza kwamba bandh ni kinyume cha sheria kwa hiyo haitafanyika. Mahakama Kuu ya Kerala ilishaziharamisha bandh mwaka 1997, na Mahakama ya Juu ikaafiki mwaka huohuo. Vyama vya siasa vikabadilisha jina, vikaita hartal. Wamao hata jina hawakuhangaika nalo.

*

Kutoka: Dada wa wagonjwa, Chennai

Naongeza mawili. Mdogo wangu, kama unaona hutawahi Mumbai, badilisha tiketi ya ndege KABLA haijaruka. Ikishaondoka bila wewe mara nyingi pesa yote imekwenda.

La pili ni kwa wenye wagonjwa wanaotoka huku kusini kwenda Kolkata kwa treni: dawa za siku nne zaidi ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Na kama viza inakaribia kuisha na usafiri umekwama, ombeni kibali cha kutoka nchini mapema kwenye e-FRRO, tovuti ya ofisi ya usajili wa wageni, mkiambatanisha ujumbe wa treni kufutwa. Msisubiri kujieleza uwanja wa ndege.

Kuhusu nauli: treni ikifutwa, tiketi ya mtandaoni hela hurudi yenyewe. Ikichelewa zaidi ya saa tatu ukaamua kutosafiri, unajaza TDR (fomu ya kudai nauli) kabla haijaondoka. Wewe imekuacha, sijui utaandika nini.

*

Kutoka: Mwanafunzi, Jamshedpur
Jumapili, 24 Desemba

Niko uwanja wa ndege Ranchi, nimeshapita ukaguzi. Nililala chumba cha kusubiria, mama mmoja msafishaji akaniazima blanketi na asubuhi akaninunulia chai ya kikombe cha udongo, akakataa hela. Stendi nilisubiri kama Kaka alivyosema. Basi la Ranchi liliingia na magunia ya koliflawa juu, nikapanda lililofuata.

Njiani niliuona mti mmoja tu, umeshakatwa vipande na kusukumwa pembeni, unga wa mbao bado mweupe juu ya lami. Watoto wa shule walikuwa wanabeba kuni. Tulisimamishwa mara mbili, mimi nikaulizwa mara moja.

TDR nimejaza jana usiku nikiwa sina usingizi. Kwenye sababu nimeandika treni iliniacha nikitafuta bafu. Kaka, usicheke.