Anayetoka gerezani: bima ianze ndani, au asubiri afike kijijini?

Hoja: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Anayetoka Gereza la Ruanda, Mbeya, au gereza la Iringa, kadi yake ianze lini, na nani alipie?

Muuguzi wa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), Iringa: Kamwene. Aandikishwe akiwa ndani. Anayemaliza kifungo tarehe yake inajulikana, kwa hiyo barua ya uhamisho na dawa za kuanzia vinaandaliwa mapema. Wa msamaha wa Rais anatoka ghafla. Mgumu kuliko wote ni mahabusu: kesi ikifutwa, anaondokea palepale mahakamani na dawa zake zimebaki zahanati ya gereza. Akifika Makete hana namba ya kliniki, anafunguliwa faili kama mgonjwa mpya, na kule alikotoka anahesabiwa mtoro. Kwetu hili ni zito. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4.

Mwandikishaji wa bima, Mbarali: Dada, hiyo ni barua, siyo bima. ARV na dawa za TB ni bure, uwe na kadi usiwe nayo. Anayekwama ni mwenye presha, kisukari, kifafa, au ngiri inayosubiri upasuaji. Huyo ndiye anayehitaji kadi, na kadi zetu zimejengwa juu ya kaya. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mtu akikaa ndani miaka minne, anakuta kadi ya nyumbani imeisha muda, au wale sita wameshatimia bila yeye. Kitambulisho cha NIDA nacho mara nyingi kilipotea alipokamatwa. Namba yake bado iko kwenye mfumo, ila lazima mtu aifuatilie ofisi ya wilaya, na mgonjwa asiye na nauli haifuatilii.

Diwani, Rungwe: Mkulima wa chai anajinyima alipe, halafu aliyemwibia apewe bure? Arudi, alime msimu mmoja, achangie kama wenzake. Wasio na uwezo sheria imeshawawekea mfuko.

Muuguzi: Mheshimiwa, mahabusu hajahukumiwa kwa lolote. Na huo msimu? Aliyeachiwa Desemba 9 atavuna mahindi katikati ya mwaka. TB inatibiwa miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Akikatiza, usugu unaingia, na atakayekoholewa ni huyohuyo mkulima wa chai. Kuhusu mfuko, wasio na uwezo wanatambuliwa wakiwa kwenye kaya zao. Wakati majina yanaandikwa, yeye yuko ndani.

Mwandikishaji: Marekani, jimbo la California liliruhusiwa mwaka 2023 kulipia kwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, baadhi ya huduma ndani ya siku 90 kabla mfungwa hajatoka. Sisi tunaweza kuanza na kidogo: mwezi mmoja kabla, ustawi wa jamii wachukue namba ya NIDA, kata anayorudi na simu ya ndugu.

Diwani: Kwa msamaha na mahabusu huo mwezi haupo. Miezi mitatu ya kwanza nitaikubali, ila ilipwe na serikali kuu. Mtu wa Ludewa kafungwa Iringa, halmashauri zitarushiana bili mpaka azidiwe.

Muuguzi: Basi fomu ijazwe siku anapoingia, anapopimwa afya mapokezi. Na kila anapopelekwa mahakamani, abebe nakala ya kadi ya kliniki na vidonge vya wiki.

Mwandikishaji: Kadi ya CTC kwenye karandinga mbele ya wenzake? Siri imeshatoka. Atakayeitupa njiani simlaumu.

Muuguzi: Kweli. Iwe bahasha iliyofungwa, ya rangi moja, kwa kila mahabusu, mgonjwa na mzima. Mzima yake iwe na fomu ya bima tu, ambayo naye anaihitaji.