Opsheni ya herufi moja nayo iwe na testi yake? Tujadili

Wakuu habari zenu. Mtu kaleta pachi (mabadiliko ya kodi) inayoongeza opsheni ya --dry-run, yaani kujaribu tu bila kufanya kweli, pamoja na kifupi chake -n, testi zote kaandika kwa ile ndefu tu. Wewe unayerivyu unapitisha au unarudisha?

Mimi narudisha. Najua mtasema kwenye kodi ya Git (ile programu ya kutunza historia ya kodi) zote mbili zinakaa mstari mmoja, makro ya OPT_BOOL unaipa herufi na jina refu kwa pamoja, kwa hiyo moja ikikubali na nyingine imekubali. Sawa, leo. Kesho akija mtu akaibadili ile herufi kwa bahati mbaya testi zote zinapita vilevile na hakuna anayeshtuka mpaka skripti za watu zianze kugoma, maana kwenye tamino (dirisha la kuandika amri) wengi tunaandika kifupi, nani ana muda. Na hiyo -n ichekini: git push -n ni majaribio tu hakuna kinachotumwa, git commit -n inaruka huki (skripti za ukaguzi) na komiti inaingia kweli, git clone -n inavuta ripo bila kukutolea mafaili. Herufi ileile jamani.

— Mkuu hapo unatesti parse-options, ile sehemu ya Git inayosoma opsheni, sio pachi. Ile ina testi zake, faili la t0040 lipo. Testi nyingi za Git ni skripti za sheli, zinavuta muda kwelikweli, kwenye Windows ndo usiseme, na bado unataka tuongeze.

— Inategemea bana. Kwa wanaotumia getopt_long, funksheni ya kusoma opsheni kwenye programu za C, herufi iko kwenye stringi yake, jina refu kwenye jedwali lake, sehemu mbili tofauti. Sahau kwenye ile stringi nukta mbili baada ya o (ndizo zinazosema herufi inadai thamani) uone, --output inapokea jina la faili vizuri kabisa ila -o inakuja na optarg NULL, yaani bila thamani yoyote, programu inadondoka. Hapo testi ni lazima, sio hiari.

— Mleta mada tena. t0040 inapima mtambo wa kusoma herufi, haijui kama git clean inatakiwa iwe na -n au -q. Na sijasema muongeze testi, chukua moja kati ya zilizopo ufute --dry-run uweke -n, basi. Muda unaongezeka wapi?

— Na zile za kubananisha herufi kadhaa pamoja, git clean -fdx, nazo?

— Mleta mada: hizo waachieni t0040, hapo sina ubishi.