Kwesheni tegi na mkato wake: tupeane uzoefu, wewe ulikwama wapi?

Wakuu habari zenu. Naomba leo tuongelee kwesheni tegi, yaani vile viswali vifupi vya mwisho wa sentensi za Kiingereza, maana naona watu wazima na ofisi zao bado wanaviandika kimakosa na hakuna anayewaambia. Naanza mwenyewe. Niko darasa la sita, Tanga, mwalimu anasahihisha daftari umesimama pembeni yake, nimeandika "You are my friend. Isn't it?" Akazungushia ile nukta duara jekundu, akaniambia hiki kiswali hakina miguu, kinaegemea sentensi iliyotangulia, sasa wewe umeweka ukuta katikati. Akaandika chini yake "You are my friend, aren't you?" Mkato, herufi ndogo, kiulizio mwisho. Hiyo "isn't it" tunaibandika kila mahali kwa sababu kwetu "sivyo" haibadiliki, iwe mimi, wewe au wao. Haya, leteni za kwenu.

Mama Wawili
Sisi huku Kenya enzi za KCPE (ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi) hizo tulikuwa tunapewa kila wiki, na mwalimu wetu alikuwa anatupigisha makofi mara moja penye koma. "Let's go", kofi, "shall we?" "I am late", kofi, "aren't I?" Mpaka leo nikiandika nasikia lile kofi. Kilichonisumbua ni "Nobody called, did they?" kwa sababu sikuona "not" popote, ila "nobody" tayari imeshakanusha, ndio maana mkia unakuja bila "not".

Mpokea Wageni
Mimi yangu iliniumiza. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli Zanzibar, nikamwandikia mgeni "You have not paid the balance have you" hivyo hivyo, mkato hakuna, kiulizio hakuna. Akajibu "No" tu. Sasa kwetu ukimuuliza mtu "hujalipa, sivyo?" na kweli hajalipa anakwambia "ndiyo, sijalipa", kwa hiyo mimi nikaichukulia ile "No" kwamba anapinga, ameshalipa, nikatiki kwenye daftari. Kumbe Mwingereza akisema "No" hapo ana maana "No, I haven't". Siku ya kuondoka ndo tukagundua, na mgeni akaniambia meseji ile aliisoma kama namtuhumu, hakuona kama ni swali. Ile alama moja tu ingelainisha maneno. Toka hapo sitiki mpaka nione risiti.

Mfasiri wa Usiku
Pole sana ndugu. Mimi natafsiri hadithi, na shida yangu ni maneno ya mhusika. "You saw him, didn't you?" she asked. Nilikuwa naweka mkato baada ya kiulizio, mhariri akanirudishia kurasa nzima. Kiulizio kinakaa ndani ya alama za kunukuu na kinatosha, mkato mwingine hautakiwi. Halafu kuna wanaosema kama sauti inashuka mwishoni, yaani msemaji ana uhakika wake anataka tu uitikie, basi weka nukta. Mimi sikubaliani, umbo ni la swali, kiulizio kibaki, sauti ataipata msomaji kwenye mazungumzo yenyewe.

Baba Neema
Kwangu ni ritifaa. Binti yangu wa darasa la tano anaandika "is'nt" na "do'nt", kila siku. Nikamwambia angalia "ng'ombe", kale kaalama unakaweka wapi? Kwenye Kiingereza nako kana mahali pake, kanakaa pale ilipotoka ile "o" ya "not". Akashika siku hiyo hiyo, akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa chumba chao "You will knock, won't you?" mkato upo, kila kitu kipo. Halafu akaniuliza, baba, "will" imeenda wapi mbona imekuwa "wo"? Nimekosa jibu. Nisaidieni kabla hajarudi kutoka shule jioni.

Mleta mada
Baba Neema mwambie zamani Waingereza wengine walikuwa wanasema "woll" badala ya "will", "will" ikashinda ila kwenye kukanusha ile ya zamani ikabaki. Na huo mlango usiufute.