ELT ya megahezi 406, PLB au traka ya setilaiti: kipi kitangulie kwenye Cessna 206?

KapteniRufiji (mleta mada)
Wakuu, habari za kazi. Tajiri wangu amenunua ndege ndogo, Cessna 206 iliyotumika kutoka Marekani, na kwa sasa ipo karakana ikiandaliwa kusajiliwa. Itapeleka watalii kutoka Dar es Salaam hadi viwanja vya vumbi vya hifadhi za Nyerere na Ruaha, na mara nyingine Zanzibar. Mkiani imo ELT (kifaa kinachorusha ishara ya dharura chenyewe ndege ikianguka) ya zamani ya megahezi 121.5. Tajiri anauliza kama tuibadilishe kwa ya 406, au tuiache na kununua PLB ya mfukoni (kifaa cha dharura cha mtu binafsi, kinachowashwa kwa mkono) pamoja na traka ya setilaiti (kifaa kinachotuma mahali ndege ilipo kila baada ya muda). Ninaomba ulinganisho.

FundiMitambo
Kapteni, hilo la kwanza si la kuchagua. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka ELT itoe ishara kwenye 406 na 121.5 kwa pamoja, na setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kupokea ishara za dharura, ziliacha kusikiliza 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Hiyo iliyomo mkiani ikilia porini leo, atakayeisikia labda ni rubani anayepita juu akiwa ameweka masafa hayo, basi. Ya 406 hurusha ishara ya nusu sekunde kila baada ya sekunde 50 hivi, ikibeba namba yake ya utambulisho, hivyo kama imesajiliwa, waokoaji hujua mara moja ni ndege ya nani na wampigie simu nani. Bila GPS, setilaiti hukadiria mahali ilipo kwa kukosea kilomita 5 hivi. Ikipata GPS, ni mita 100 hivi. Ishara ya 121.5 iliyobaki ndani yake ni ya kufuatwa na timu ya utafutaji ikishakaribia.

Ila tajiri asilipie kifaa kabla ya kujua kitafungwaje. Mara nyingi kinachoharibika kwenye ajali ni antena au waya wake, huku sanduku likiwa zima na likilia bila kusikika. Waya uwe mfupi, usivuke maungio ya mkia, na sanduku libanwe kwa chuma, kwa sababu mikanda ya velkro hulegea kwa joto na umri.

AngaMoshi
Fundi amesema kweli, lakini hata ufungaji mzuri una kikomo. Steve Fossett, aliyewahi kuizunguka dunia peke yake kwa puto, aliruka kutoka Nevada tarehe 3 Septemba 2007 kwa ndege ndogo yenye ELT, na hakuna ishara yoyote iliyopokelewa. Watafutaji walikuta mabaki ya ndege nyingine zilizoanguka zamani, ya kwake wasiyaone, hadi mwaka uliofuata mtembea milimani alipookota vitambulisho vyake karibu na Mammoth Lakes, California. Traka hutuma nukta za mahali ndege ilipo wakati ingali angani, kwa hiyo hata kila kitu kikiungua, nukta ya mwisho imeshafika. Kwa mwendo wa kilomita 220 kwa saa, nukta za kila dakika 2 huacha pengo la kilomita 7 hivi, na eneo hilo linatafutika. Baada ya ELT, mimi ningeweka traka.

BintiPemba
Kaka Anga, hapo umesahau bahari. Ndege ikitua majini ikazama, ELT inazama nayo, na ishara ya 406 haipenyi maji. Kwa safari za Zanzibar ningetanguliza PLB, tena ifungwe kwenye jaketi okozi la rubani, isiwekwe kwenye begi la nyuma. Betri yake hudumu angalau saa 24 na haina ada ya mwezi. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji mtu mwenye fahamu wa kukunjua antena na kubonyeza kitufe.

MzeeWaMnara
Wanangu, nukta za traka zinatazamwa na nani Jumamosi jioni? Nimeona ofisi ambayo skrini inawaka na kiti hakina mtu, na nyingine ambayo ada ya traka iliisha bila yeyote kujua. Mpango wa safari uliowasilishwa kwa waongoza ndege haulipiwi kila mwezi, na ndege ikipitisha dakika 30 bila taarifa, waongozaji huanza kuulizana. Halafu kujua mahali si kufika: ile ndege ndogo aina ya Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi, Kenya, tarehe 5 Juni 2018 ikiwa na watu 10 ilionekana Aberdare tarehe 7, kwenye milima ambayo mawingu yake hayasubiri helikopta.

KapteniRufiji
Shikamoo mzee, nashukuru. Basi nitapendekeza ELT ya 406 iliyounganishwa na GPS, na PLB kwenye jaketi. Traka ingoje hadi ofisi ipate mtu wa zamu. Fundi, ELT tukiiagiza Marekani kuna tatizo?

FundiMitambo
Mwandikieni muuzaji kabla hajaituma aiwekee namba ya nchi ya Tanzania. Ikija na ya Marekani, waokoaji watamtafuta mwenye ndege kwenye usajili wa Marekani badala ya huku. Simu mtakayosajili iwe inayopokelewa usiku, maana kutua kwa kishindo pia huiwasha, na msipoipokea waokoaji wataanza kuwatafuta. Mkiipima, tumieni kitufe cha majaribio tu.